Kutembea Kinyumenyume Chuoni Ludlam

Jumanne, 8 Aprili

Theluji tena. Aprili hii! Soksi zimelowa, sina nyingine safi, na Odalys ameziba hita yote kwa raba zake. Anasema aliyewahi kuamka ndiye mwenye hita. Kuishi chumba kimoja na mtu wa Milwaukee ni kazi.

Nimetembeza wageni makundi mawili. La asubuhi lilikuwa na baba mmoja kutoka Illinois aliyeuliza kila kitu, na mwanawe ambaye hakuuliza chochote, alikuwa anatazama kindi. Nikawapa maelezo yote ya kawaida: Ludlam ilianzishwa na Wamethodisti waliopanda kilima hiki na ng'ombe wawili na sanduku la Biblia. Mwalimu mmoja kwa wanafunzi tisa. Profesa wako atakujua kwa jina, na mbwa wa profesa wako pia. Ukikanyaga ile nembo ya shaba mbele ya maktaba, hutahitimu. Hapo huwa wanacheka, kisha wote wanaizunguka, hata akina baba. Na yote hayo nayasema natembea kinyumenyume, maana ndivyo tunavyofundishwa ofisini: mgeni asione kisogo chako. Njia yote ya kampasi naijua kwa visigino.

Mchana Gund akaniita. Profesa Gundlach wa jiolojia, lakini hakuna anayemwita hivyo, hata mkewe anamwita Gund. Kiti cha mgeni kilikuwa kimejaa mawe kama kawaida, nikasimama. Akafunga mlango. Gund hafungi mlango.

Akaniambia bodi ya wadhamini imeamua kuifunga idara ya jiolojia. Wamempa mwanya mmoja tu: wakipatikana wanafunzi wapya kumi na wawili watakaothibitisha nafasi zao kwa ajili ya jiolojia kufikia Mei mosi, idara itaachwa. Wasipofika kumi na wawili, basi. Hao watakaokuwa wameshathibitisha wataambiwa kiangazi wachague somo lingine. Sisi wa zamani tutamalizishwa kwa kuungaunga.

"Sikwambii udanganye mtu, Maren," akasema. "Nakuomba usiseme tu. Wakisikia tunafungwa, nani atakuja? Na wasipokuja, tunafungwa."

Nikasema sawa. Ilinitoka haraka mno.

Nimeshika kitasa ndipo akauliza, kwa upole kabisa: "Na mdogo wako? Ameshaamua?"


Jumatano, 9 Aprili

Siwezi kukaa mahali pamoja. Nimekunja nguo, nimekunjua, nimekunja. Odalys ameuliza kama nina homa.

Linnea amekubaliwa sehemu mbili. Hapa, na kile chuo kikubwa cha serikali kule Minnesota, ambako idara ya jiolojia ina jengo zima, ghorofa tano, na hakuna mtu anayeombwa anyamaze. Mei mosi lazima achague moja, kama watoto wote wa nchi hii, na akichagua moja, ile nyingine inakwenda kwa mtu aliye kwenye foleni. Hakuna kurudi.

Na anataka kuja Ludlam. Kwa sababu yangu! Mimi ndiye niliyemtia wazimu huu. Alikuwa anaokota mawe tangu hajui kufunga kamba za viatu. Mashine ya kufulia ya mama ilivunjika kwa mawe ya mifuko yake, baba akaitengeneza, ikavunjika tena. Oktoba nikamleta huku siku moja, nikamwingiza maabara. Sisi siku ya kwanza kila mtu hulamba jiwe. Wageni hudhani ni uchawi au mzaha. Jiwe likilowa ndipo rangi zake zinaonekana, na la chumvi unalijua kwa ulimi, hakuna njia ya haraka kuliko hiyo. Gund alimsogezea sinia ili amweleze. Linnea hakungoja maelezo, alichukua la kwanza akalamba pande zote mbili, akasema hili limetoka baharini.

Gund akaniangalia. "Huyu ni wetu," akasema.

Nilifurahi siku ile kuliko nilivyofurahi kwa jambo lolote langu mwenyewe.


Ijumaa, 11 Aprili

Kikao cha watembezaji wageni, ofisi ya udahili. Donati na juisi ya tufaha, maana yake kuna jambo baya.

Bi. Dahlke ndiye mkuu wetu. Ni mwema, hilo ndilo linaloniudhi. Anajua siku zetu za kuzaliwa, anajua nani hali karanga. Akasema mgeni yeyote akiuliza kuhusu jiolojia, au Kijerumani, au filimbi na zumari, jibu ni moja: "Chuo kinapitia programu zake zote ili kuziboresha." Akatuambia tuseme pamoja. Tukasema pamoja. Watu wazima tumesimama na donati mkononi tunaitikia kama darasa la awali.

Nikauliza: na akiuliza ndugu yako?

"Ndugu hasa," akasema. "Ndugu ndio wanaosambaza, mpenzi. Mgeni akisikia jambo huenda nalo kwao. Ndugu huenda nalo mtandaoni."

Wote wakacheka. Mimi pia. Nimerudi na donati nzima mfukoni mwa koti, imejaa nyuzinyuzi za mfuko.

Naichukia sentensi ile, na tayari naijua kwa moyo. Naisikia nikipiga mswaki.


Jumapili, 13 Aprili

Nimemwambia Odalys. Ilibidi nimwambie mtu.

Alikuwa anapaka kucha rangi, hakuinua kichwa. "Mwambie mdogo wako."

"Na Gund?"

"Gund ana ndevu na pensheni. Mdogo wako ana miaka kumi na saba."

"Akija yeye, idara inaweza kupona. Akikimbia, na mwingine atakimbia."

"Kwa hiyo umemfanya Linnea kuwa tofali," akasema. "Unaziba naye ukuta."

Nikamwambia hajui chochote, yeye anasoma biashara, hakuna bodi itakayofunga biashara. Akasema ndiyo maana anaona vizuri. Nikatoka nikabamiza mlango. Nikazunguka ziwa mara sijui ngapi. Barafu inapasuka pembeni, katikati bado nyeupe. Kuna watu wawili walikuwa bado wamekaa juu yake wanavua samaki kwenye tundu, na mmoja alikuwa mpishi wa bwalo letu. Nikamwonyesha ishara atoke. Akanipungia mkono.

Nikakutana na Gund anamtembeza mbwa. Kafurahi, masikio mekundu kwa baridi. "Tisa!" akasema kabla hata ya salamu. Tisa wamethibitisha.

Na mimi kichwani nikasema: na Linnea kumi.

Nimesema hivyo. Odalys angenisikia angenitemea rangi ya kucha.


Jumatatu, 14 Aprili

Nimeandika ujumbe kwa Linnea. Nikaufuta. Nikaandika mwingine mrefu zaidi, nikaufuta. Yeye akawa ameona zile nukta zinazoonyesha mtu anaandika, akatuma: "Dada, unaandika kitabu?"

Nikamtumia picha ya kindi.


Alhamisi, 17 Aprili

Gund ametupeleka machimboni. Tope hadi magotini, upepo, sandwichi za bata mzinga zimeganda. Alitupandisha kwenye mwamba mwekundu, akatuambia tuvue glovu na tupitishe viganja. Mikwaruzo mirefu, yote imeelekea upande mmoja, imeachwa na barafu iliyopita hapa kabla ya mtu yeyote. Nimeshasimama pale mara nyingi. Leo nilipitisha kiganja nikaanza kulia, nikasema ni upepo.

Anafundisha akiwa amepiga magoti. Suruali zake zote zimetoboka mahali pamoja. Alimwambia yule mvulana wa mwaka wa kwanza, anayeogopa kusema, kwamba swali lake ni zuri kuliko jibu lolote ambalo yeye Gund analo, kisha akakaa juu ya jiwe akalifikiria kweli, sote tukingoja katika baridi.

Naipenda kazi hii. Nampenda mzee huyu. Sitaki idara hii ife. Naandika hapa kwa sababu nimechoka kujifanya kwamba nanyamaza kwa ajili yake tu.

Njiani kurudi, kwenye basi dogo, alikaa karibu nami akasema kwa sauti ya chini: "Unaweza kunikatalia, unajua."

"Najua."

Akalala mpaka chuoni, mdomo wazi.


Jumapili, 20 Aprili. Pasaka, nyumbani

Nyama ya nguruwe ya kuoka, viazi vya jibini, mayai ya rangi. Mama amesuka nywele za nusu ya wanawake wa kanisa tangu Ijumaa, mikono inanuka dawa ya nywele, hakai. Baba amekuja mezani na koti lake la kazi la machungwa, gari la kusukuma theluji liko nje endapo ataitwa. Ataitwa, theluji ya mwaka huu haiishi.

Linnea ameshuka ngazi amevaa fulana ya Ludlam. Kubwa, inamfika magotini. Ameinunua mwenyewe. Nikakaa chini.

Katikati ya chakula akasema: "Dada, kuna msichana mtandaoni anasema jiolojia yenu inafungwa. Ni kweli?"

Mama akaacha kukata. Baba akaendelea kula, lakini polepole.

Nami nikasema—naandika kama nilivyosema, neno kwa neno—"Chuo kinapitia programu zake zote ili kuziboresha."

Niliisema kwa ile sauti. Sauti ya kampasi, ya juu kidogo, na tabasamu lake. Nadhani hata nilisogeza kiti nyuma. Pale mezani, mbele ya viazi!

Baba akasema, "Umeongea kama redio."

Linnea akacheka. Kisha akanitazama tena, akaacha kucheka, akachukua chumvi. "Basi sawa," akasema. "Nilijua ni uzushi. Watu wa mtandaoni."

Kulikuwa na nafasi pale. Ndefu tu. Nikaitazama ikipita, nikaomba nipewe mkate.

Baadaye chumbani alikuwa ananionyesha mahali atakapoweka mawe yake bwenini, amepima hadi dirisha. "Lakini ni pazuri, si ndiyo? Niambie ukweli."

"Ni pazuri."

Na hapo sikudanganya.


Jumatatu, 21 Aprili

Basi la kurudi. Linnea atakuja Jumamosi na mama, ile siku ya waliokubaliwa. Anasema atathibitisha nafasi yake palepale maabara, mbele ya Gund, kwa simu, ili amwone uso.

Nimesema vizuri.


Jumatano, 23 Aprili

Kumi na mmoja. Gund ameniambia kwa vidole, kupitia kioo cha bwalo, mimi nina sinia mkononi. Vidole kumi, kisha kimoja.

Sikula. Odalys amekula supu yangu ya jibini bila kuuliza. Tunaongea sasa, lakini si kuhusu hilo.


Ijumaa, 25 Aprili

Nimeamua. Kesho wakishuka tu garini, namwambia. Kabla ya chai, kabla ya ziara, kabla ya Gund. Nitamwambia na ataamua, na Gund nitamwambia pia kwamba nimesema.

Nimemwambia Odalys. Akanipa hita.


Jumamosi, 26 Aprili

Naandika kwenye ngazi za nyuma za jengo la sayansi. Naandika haraka, sijui nitasoma vipi baadaye. Nianze mwanzo.

Jua leo. Mama na Linnea walifika mapema, mimi nikiwa nimeshapewa kundi. Bi. Dahlke alinishika bega nje ya ofisi akasema mtembezaji mmoja ameteguka kifundo cha mguu, nichukue na kundi lake, watu karibu thelathini. Linnea alikuwa humo ndani ya kundi. Nikamwita pembeni. "Baadaye, dada, usije ukafukuzwa," akasema, akanisukuma. "Anza. Nataka kukuona ukitembea kinyumenyume."

Ningeweza kumshika mkono. Sikumshika. Nikaanza. Wamethodisti, ng'ombe wawili. Saa nzima nikitembea nimemwelekea yeye, anatabasamu, anamnong'oneza mama. Mgeni akiuliza swali namjibu, nusu ya kichwa changu haiko. Kwenye nembo ya shaba nikaikanyaga mwenyewe kwa kisigino, kwa mara ya kwanza tangu nije hapa. Watu wakacheka sana. Mama hakucheka.

Nikajiambia: maabara. Mlangoni mwa maabara nitamvuta.

Lakini maabara ilikuwa imeshajaa. Wazazi wamesimama ukutani, watoto mbele, Gund ameshika sinia la mawe, amevaa tai. Sijawahi kumwona na tai. Bi. Dahlke alikuwa mlangoni na karatasi zake, akanikonyeza niingie. Linnea akapenya mpaka mbele kabisa, simu mkononi.

Gund akaanza kama anavyoanza kila mwaka. Jiwe kavu halikwambii kitu. Akamsogezea Linnea sinia, akamtambua, akatabasamu. Kisha akalirudisha sinia mezani.

"Idara hii inafungwa," akasema. "Isipokuwa mkija wa kutosha. Kumi na mmoja wameshakubali na hawajui, nitawapigia simu leo. Mkija, huenda tukabaki. Huenda tusibaki. Nilipanga kuwaambia mkishakuwa wetu, na jana nikakaa na mke wangu, nikashindwa kumweleza hilo bila kuona aibu."

Bi. Dahlke akasema, "Gund." Taratibu tu.

"Na kuna mwanafunzi nilimwomba anyamaze kwa ajili yangu," akasema. "Sikupaswa kumwomba. Kosa hilo ni langu, si lake."

Hakunitazama. Hakutaja jina. Alikuwa ananilinda, mzee yule. Lakini Linnea aligeuka.

Watu wakaanza kutoka. Si wote. Baba mmoja alimwambia Gund asante kwa ukweli, akamshika mwanawe, wakaenda. Wasichana wawili walibaki wanabishana. Linnea alinifuata korido, mama nyuma yake na pochi yake ameikumbatia kifuani.

"Ulijua?"

"Ndiyo."

"Pasaka. Mezani. Ulijua."

"Ndiyo. Leo nilikuwa nakuja kukwambia, Linnea. Jana niliamua, muulize Odalys, nilikuwa—"

"Mimi simjui Odalys."

Mama akasema, "Maren." Hilo tu. Sijawahi kusikia jina langu likisemwa hivyo.

Nikaanza kueleza. Kumi na wawili, bodi, Gund na magoti yake. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, na nilipokuwa naeleza nikasikia ile sauti imerudi, ya juu, yenye tabasamu, na sikujua namna ya kuizima. Linnea akaisikia pia. Akarudi nyuma hatua moja.

"Ningekuja," akasema. Hakulia, afadhali angelia. "Ndiyo ujinga wenyewe. Ungeniambia siku ileile ningekuja tu, ningewavuta na wengine wawili wa darasa langu. Kwa jiwe mimi ningekuja hata kama paa limeanguka. Sasa kila ukiniambia kitu hapa, nitajuaje ni wewe unayesema?"

Nilifungua mdomo nikaogopa kitakachotoka, nikaufunga.

Wakaondoka kwa mlango wa nyuma.

Sasa gari la mama liko mbele yangu, upande wa pili wa maegesho. Injini inawaka lakini haliondoki. Mama ameshika usukani kwa mikono miwili. Linnea yuko kiti cha mbele, ameinamia simu, kidole gumba kinatembea juu ya kioo, kinasimama, kinatembea tena, sijui ni Ludlam anayoithibitisha au ni Minnesota. Kule ndani Gund bado anaongea na waliobaki, namsikia kupitia dirisha, anaeleza chumvi. Bi. Dahlke ametoka kusema kundi la pili limeshajipanga mbele na wananingoja mimi. Sura yake si ya hasira, amechoka tu. Nimemwambia nakuja. Sijainuka. Nataka kwenda kugonga kioo cha lile gari, na nimejaribu hapa kwenye karatasi sentensi ya kwanza nitakayomwambia akikishusha, nimejaribu mara nne, na zote nne nimezifuta kwa sababu ni nzuri mno. Linnea ameinua kichwa. Ananitazama. Mkono wa mama umekwenda kwenye gia, na mimi bado sina hata neno moja ambalo—